Ndiyo za Mwalimu Elina

Kila Jumamosi asubuhi Gwantwa alikuwa na kazi zake, na hakuna aliyehitaji kumkumbusha. Aliwasha jiko la mkaa, akabandika chai, akafagia uwanja, kisha akaosha makopo ambayo shangazi yake aliyatumia kupimia dagaa sokoni. Agosti ile baridi ya Tunduma haikuwa na mzaha. Maji yalimuuma vidole, na upepo ulimwaga vumbi juu ya makopo aliyokwisha kuyasuuza, akayasuuza tena.

"Leo Kiingereza?" shangazi aliuliza huku akijifunga kitenge.

"Ndiyo, shangazi. Masomo ya ziada."

"Haya, kasome. Baba yako kule Ileje hakukutoa nyumbani uje kuangalia malori."

Gwantwa aliinamisha kichwa akajifanya anafunga kamba za viatu. Maneno yale yalimchoma, maana kuangalia malori ndiko hasa alikokuwa anakwenda.

Tangu Jumamosi mbili zilizopita hakuwa amekanyaga darasa la masomo ya ziada. Kwa mwalimu alisema kwamba shangazi anaumwa mgongo, hivyo yeye ndiye anayeuza sokoni. Kwa shangazi alisema kwamba anakwenda shuleni. Uongo mmoja ni mzigo; uongo wa pande mbili ni mizigo miwili juu ya kichwa kimoja, na Gwantwa alikuwa na shingo ya mtoto wa miaka kumi na miwili. Alipita barabara kuu na sare yake, akasimama karibu na foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka kuingia Zambia, akahama, akajibanza kwenye ukuta wa duka, akahama tena. Kila mwanamke aliyemwona kwa mbali alimdhania mwalimu. Wabadilisha fedha walipopiga kelele, alishtuka kana kwamba wanamwita yeye.

Nini kilimkimbiza? Ngoja nikueleze, usije ukamwona mvivu.

Gwantwa alizaliwa katika milima ya Ileje, akakua akizungumza Kindali nyumbani na Kiswahili shuleni. Januari shangazi yake, Atuganile, ambaye Tunduma nzima inamwita Mama Aliko kwa jina la mwanawe mkubwa, alimchukua ili asomee mjini. Sharti lilikuwa moja tu: "Siku nikisikia umekimbia shule, siku hiyohiyo unapanda gari la kwenu." Gwantwa alilijua vizuri sharti hilo. Dada yake alisharudishwa nyumbani kwa namna hiyo, na hadi leo hajashika tena kalamu. Gwantwa alitaka kusoma. Alitaka sana.

Lakini katika darasa la sita kulikuwa na Mwalimu Elina wa Kiingereza. Alikuwa kijana, msafi, mwenye sauti kama filimbi, na hasira za karibu. Alikuwa na desturi yake: aliyeulizwa swali akashindwa, alisimama. Alisimama mpaka ajibu swali jingine au mpaka kengele ilie. Watoto si wajinga. Waligundua kwamba ukijibu "Yes, madam" haraka na kwa uso wa kujiamini, mara nyingi unaachwa ukae. Kwa hiyo darasa zima likawa la ndiyo. Umeelewa? Yes, madam. Una swali? Yes, madam.

Siku moja Mwalimu Elina aligundua mchezo wao. Alimtazama Gwantwa, akamwuliza kwa Kiingereza cha haraka kama yeye ni mbuzi.

"Yes, madam," Gwantwa akajibu kwa uso wa kujiamini, akakaa.

Darasa liliangua kicheko. Brian, aliyekaa nyuma yake, alilia "Mee!" na hata mwalimu akacheka. Gwantwa hakujua wanacheka nini mpaka wakati wa mapumziko, alipoelezwa bombani mbele ya watu. Tangu siku hiyo, kila alipopita, mtu alilia kama mbuzi. Alihisi uso wake umevuliwa na kutundikwa ukutani. Hakulia. Alianza kutoroka.

Basi Jumamosi hiyo, jua lilipopita utosini, Gwantwa alikwenda sokoni kana kwamba anatoka shuleni. Alipita mlango wa nyuma wa kibanda cha shangazi, palipopangwa magunia ya dagaa wa Ziwa Tanganyika. Kabla hajaita hodi, alisikia sauti ya filimbi.

"Shikamoo, mama. Wewe ndiye Mama Aliko unayejua Kibemba?"

Aliitambua mara moja. Alichutama nyuma ya magunia. Kwa upenyo mwembamba alimwona Mwalimu Elina amesimama mbele ya meza ya dagaa.

"Marahaba. Kibemba cha sokoni ninacho," shangazi alijibu. "Unataka kuuza nini?"

"Sitaki kuuza. Nataka kujifunza. Mimi ni mwalimu, kwetu Mlowo. Nimeolewa hapa, na mama mkwe wangu ameletwa kutoka Kasama, Zambia, ili tumwuguze. Anajua Kibemba tu, Kiswahili haelewi hata neno. Mume wangu ni dereva, wiki nzima yuko safarini." Mwalimu alishusha sauti. "Mama, usiku mmoja aliniambia kitu. Sikuelewa, nikaona aibu, nikamwitikia eya, eya, nikampelekea chai. Asubuhi nikamkuta anatetemeka. Alikuwa ameomba blanketi."

Shangazi aligonga ulimi. "Ukamwambia ndiyo?"

"Nikamwambia ndiyo, na nikacheka naye. Akalala na baridi ile, mama mtu mzima."

Gwantwa alisahau woga wake kwa muda. Hakuwa amewahi kufikiri kwamba Mwalimu Elina anaweza kuona aibu.

"Haya, njoo upande huu," shangazi alisema. "Mimi sina ubao. Ubao wangu ni wateja. Wa kwanza huyo anakuja. Usimpe mkono ukiwa umesimama hivyo kama mlingoti. Shuka chini, piga makofi taratibu, sema: Mwapoleni mukwai."

Mwalimu Elina alichutama, akapiga makofi kwa nguvu kama anayeshangilia goli, na maneno yakamtoka kinyumenyume. Wauza dagaa wa pande zote walicheka wakashika mbavu. Shangazi ndiye aliyecheka zaidi.

"Si nimekuambia sasa hivi? Unasahau mara moja hivyo?"

Gwantwa aliziba mdomo kwa mkono. Sentensi ile aliijua. Ilikuwa ya Mwalimu Elina mwenyewe, neno kwa neno, ila leo ilimrudia. Na niseme ukweli: ilimpendeza. Alikaa nyuma ya magunia akila raha ya kumwona mwalimu wake anatokwa jasho wakati wa baridi, mpaka alipoondoka.

Utadhani mwalimu aliyechekwa Jumamosi atarudi darasani Jumatatu akiwa mpole. Wapi! Alirudi mkali kuliko mwanzo. Mtu akiumia huko, mara nyingi huja kuumiza hapa. Jumatatu nusu ya darasa ilisimama, Brian akiwa mmojawapo, na Jumanne Gwantwa alisimama mpaka kengele ilipolia. Alitazama uso wa mwalimu akijiuliza kama ni yuleyule aliyechutama mbele ya dagaa.

Na jioni mwalimu alikwenda tena sokoni, na keshokutwa yake tena. Gwantwa hakupata usingizi mzuri. Kila siku aliwaza: leo watatajiana jina langu. Mwalimu hakujua kwamba Mama Aliko ndiye yule shangazi mwenye mgongo, na shangazi hakujua kwamba mwanafunzi wake ndiye mwalimu wa Gwantwa. Kilichowatenganisha na ukweli kilikuwa swali moja dogo tu, kama vile, "Watoto wangapi unaishi nao?" Gwantwa akaanza kutafuta visingizio vya kuwa mahali pengine jioni: kuteka maji, kusaga mahindi, kupeleka salamu kwa jirani ambaye hakumwomba salamu. Chakula kilimshinda. Shangazi alimpapasa shingo akidhani ana malaria.

Jumamosi iliyofuata alitoroka tena masomo ya ziada, na saa za mchana alijibanza tena nyuma ya magunia. Alitaka kuona kama mwalimu atachekwa. Mwalimu alifika.

"Leo nakuacha peke yako," shangazi alimwambia. "Gari la dagaa kutoka Kasanga limefika, naenda kuchagua gunia. Uza. Kuogelea hujifunzi ukiwa ufukoni."

"Mama Aliko, usiniache!"

"Kopo hili la jumla, hili la rejareja. Mimi narudi."

Akaondoka. Mwalimu Elina alibaki akizungusha kopo mkononi. Haukupita muda mrefu akaja mteja kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, mama mmoja mnene mwenye kilemba cha njano, aliyezoeleka pale kwa jina la Bamayo Anna. Alipenda utani, na alipenda zaidi mbasela, yaani ile nyongeza ambayo watu wa upande ule hawaondoki dukani bila kupewa.

Mwalimu alichutama, akapiga makofi taratibu, akasema salamu bila kosa. Bamayo Anna alifurahi, akamwaga Kibemba kama maji ya mfereji. Gwantwa alielewa kila neno. Unashangaa? Miezi ile yote sokoni alikuwa amecheza na watoto wa wafanyabiashara wa Zambia, na wakati ule hakuna aliyemsimamisha. Alikosea, wakacheka pamoja, wakaendelea na mchezo, na Kibemba kikaingia chenyewe.

"Unanipimia makopo mawili, sivyo?" Bamayo Anna aliuliza.

"Eya, mukwai," mwalimu akajibu kwa uso wa kujiamini.

"Na unayajaza mpaka yafurike?"

"Eya, mukwai."

Bamayo Anna aliinua nyusi. Akamkonyeza jirani. "Na hili beseni lote ndiyo mbasela yangu?"

"Eya, mukwai."

Wanawake wa vibanda vya jirani waliacha kuuza, wakasogea. Bamayo Anna alifungua mfuko wake, akaanza kumimina beseni zima. Dagaa wale ndio waliokuwa mtaji wa shangazi wa wiki nzima. Mwalimu alijua kuna kitu hakiendi sawa. Macho yake yalikimbia kwenye kopo, kwenye beseni, kwenye nyuso zinazocheka. Midomo ilimcheza. Lakini hakusema acha. Alitabasamu, akarudia, "Eya, mukwai," safari hii kwa sauti iliyokatika.

Gwantwa aliiona sura ile. Hakuwa na kioo siku ile darasani, lakini alijua kwamba hivyo ndivyo alivyokuwa amefanana. Raha yote ilimtoka. Akitoka pale, mambo yake yote yatafichuka na atapanda gari la Ileje. Akibaki, shangazi atakuta beseni tupu, na mwalimu atabaki amesimama katikati ya kicheko. Alisogea nyuma kidogo, kuelekea mlango. Angeweza kuondoka, na hakuna ambaye angejua.

Brian alimjia akilini, na ile "Mee!" yake.

Gwantwa alitoka nyuma ya magunia, sare yake imejaa magamba ya dagaa. Alichutama mbele ya Bamayo Anna, akapiga makofi taratibu.

"Bamayo, mwapoleni mukwai," alisema, kisha akaendelea kwa Kibemba. "Huyu mama anajifunza. Hajaelewa ulichomwuliza. Anaogopa kusema kwamba hajaelewa. Tafadhali rudisha, nami nitakupa mbasela nzuri kwa mkono wangu."

Bamayo Anna alicheka mpaka kilemba kikalegea. "Nilikuwa namtania, mwanangu! Nilitaka kuona atakubali mpaka wapi. Ningemwomba na paa la kibanda, angenipa!" Akarudisha dagaa, akapimiwa makopo yake, akapewa kiganja kimoja cha nyongeza, akamshika mwalimu begani kwa upole kabla ya kwenda zake.

Mwalimu Elina alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Gwantwa?" alisema. "Wewe unafanya nini hapa?"

Kabla hajajibu, shangazi alitokea na kijana aliyebeba gunia. Aliwatazama wote wawili. "Mwalimu, unamfahamu mwanangu huyu?"

"Ni mwanafunzi wangu. Aliniambia shangazi yake anaumwa mgongo, ndiyo maana haji masomo ya Jumamosi."

"Mgongo?" Shangazi alijishika kiuno. "Mgongo wangu huu unaobeba magunia? Na mimi kila Jumamosi namtuma kwako!"

Wote wawili walimgeukia. Gwantwa alihisi machozi yanakuja, na mara hii hakuyazuia.

"Nilisema uongo, shangazi. Na kwako pia, mwalimu. Nisameheni."

"Gari la kwenu linaondoka kesho asubuhi," shangazi alisema, sauti yake ikitetemeka kwa hasira. "Nilikuambia. Nilikuambia au sikukuambia?"

"Uliniambia."

"Ngoja, Mama Aliko," Mwalimu Elina alisema. Alimgeukia Gwantwa. "Niambie jambo moja, na usinifiche. Siku ile nilipokuuliza kama wewe ni mbuzi, kwa nini ulisema ndiyo?"

Gwantwa alijifuta pua kwa mkono wa sare. "Sikujua umeuliza nini, mwalimu. Nilijua tu kwamba ukisema ndiyo, unaruhusiwa kukaa."

Mwalimu Elina alitazama beseni la dagaa. Alipoinua uso, macho yake yalikuwa mekundu.

"Na mimi leo nimesema ndiyo mara ngapi?" aliuliza taratibu. "Nina shahada. Nina miaka sita ya kufundisha. Mama mmoja kaniuliza maswali mepesi, na mimi nikaona heri nigawe mali ya watu kuliko kusema sijaelewa. Mtoto wa darasa la sita, mbele ya wenzake arobaini, angefanya nini?" Akamshika Gwantwa mkono. "Nilikukosea, Gwantwa. Swali lile halikuwa swali. Lilikuwa mtego, na mwalimu hawategi watoto wake. Nisamehe."

Gwantwa hakujua pa kutazama. Hakuwa amewahi kuombwa radhi na mwalimu.

Shangazi alikohoa. "Hata mimi nimekucheka sana, mwalimu. Nilidhani ndiyo kufundisha." Kisha akageuka na ukali wake. "Lakini uongo ni uongo! Woga hauoshi uongo."

"Hauoshi," mwalimu alikubali. "Gwantwa, ungekuja ukaniambia unaogopa, labda ningekasirika. Lakini tungekuwa na neno la kuanzia. Uongo ulitunyima hata hilo."

Shangazi alifikiri huku akipanga makopo yaliyokwisha kupangwa. Mwisho alisema, "Gari litasubiri. Lakini kuanzia leo mpaka shule ifungwe, Jumamosi asubuhi uko darasani, na mchana unaosha magunia haya yote uliyoyafanya maficho. Umeelewa?"

Gwantwa alifungua mdomo aseme ndiyo, akasita. "Magunia yote, shangazi? Hata yale ya ndani?"

"Hata ya ndani."

"Sasa nimeelewa."

Jumatatu, Mwalimu Elina aliingia darasani bila chaki. Alisimama mbele, akawasimulia wanafunzi habari ya blanketi, na habari ya beseni la dagaa, na hakuficha hata kicheko cha wauza dagaa. Wanafunzi waliinamia mbele kusikiliza.

"Kuanzia leo hakuna anayesimamishwa kwa kutokujua," alisema. "Anayetaka kusimama ni mimi. Gwantwa, simama uniulize swali lolote kwa Kibemba. Swali la haraka, kama nilivyokuuliza mimi."

Nyuma ya Gwantwa, Brian alinong'ona, "Mwulize kama yeye ni mbuzi!" Wengine wakaziba midomo. Gwantwa alisimama. Ilikuwa nafasi ambayo alikuwa ameiota usiku mwingi.

Aliuliza, kwa haraka.

Midomo ya mwalimu ilianza kuunda "eya". Ikaacha. "Sijaelewa," alisema. "Rudia polepole, tafadhali."

Gwantwa alirudia.

"Bado. Rudia tena."

Akarudia, neno moja moja. Uso wa mwalimu ulifunguka polepole. Akajibu kwa Kibemba chake cha kuchechemea.

"Amesema nini? Wameulizana nini?" darasa zima likapiga kelele.

"Nimemwuliza mama mkwe wake ameamkaje," Gwantwa alisema.

"Nami nimemjibu kwamba ameamka vizuri," Mwalimu Elina alisema, akifuta macho bila kujificha. "Jana usiku aliniambia kitu nisichokielewa. Nikamwambia sijaelewa. Akarudia, nikasema bado. Akacheka, akanishika mkono, akanionyesha. Alikuwa anataka blanketi la pili, na nikampa." Alivuta pumzi. "Wanangu, asiyejua akisema hajui, hajajiaibisha, amefungua mlango apewe. Na anayefundisha akimcheka asiyejua, anaufunga mlango huo kwa mkono wake mwenyewe. Nani ana swali?"

Kwa mara ya kwanza hakuna aliyejibu ndiyo ya kukwepa. Mkono mmoja uliinuka polepole nyuma ya darasa. Ulikuwa wa Brian.

"Mwalimu," alisema kwa sauti ndogo, "hata mimi siku ile sikuelewa ulichomwuliza Gwantwa. Nililia kama mbuzi kwa sababu niliyekaa naye aliniambia umemwita mbuzi."

Gwantwa aligeuka akamtazama, na wote wawili wakaanza kucheka.